Mzeituni tunaousaka ng'ambo umeota mlangoni petu

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Usia huo ulinijia juzi nilipokuwa nimesimama kando ya Barabara ya Ngong, mahali ambapo wauza miche hupanga bidhaa zao katika mikebe na mifuko myeusi. Mwalimu mmoja kijana, ambaye nilikuja kufahamu kwamba hufunza katika shule ndogo iliyoko Kongo (Kongo yetu ya Kawangware, si ile ya Kinshasa), alikuwa akipatana bei ya mche wa mzeituni. Muuzaji alimwapia kwamba mche huo asili yake ni Hispania, kwamba hauogopi kiangazi, na kwamba baada ya miaka mitatu mwalimu angekuwa akikamua mafuta yake mwenyewe uani pake. Bei aliyotajiwa ingetosha kununua unga wa ugali wa majuma mawili. Kijana alilipa, akaukumbatia mche wake mithili ya mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga, akapanda matatu.

Sikumzuia. Pengine ningalimzuia, na ndiyo maana leo naishika kalamu.

Sina ugomvi na mzeituni. Huo ni mti wenye heshima zake. Mwislamu huukuta katika Kurani, ambamo Sura ya Tini hufunguliwa kwa kiapo cha tini na zeituni. Mkristo huukuta katika Biblia, tangu njiwa wa Nuhu aliyerejea na jani lake mdomoni hadi mlima ambao Yesu alizoea kuuendea kusali. Umoja wa Mataifa nao umeyazungushia matawi yake ramani ya dunia katika nembo yake, na nembo hiyo hupepea kila siku hapa hapa Nairobi, kule Gigiri. Mti huu huvumilia jua, huvumilia udongo wenye mawe, na huishi miaka mingi kuliko aliyeupanda. Anayetamani kuwa nao nyumbani ametamani jambo jema.

Ugomvi wangu ni na ahadi aliyopewa kijana yule. Mzeituni wa pwani za Bahari ya Mediterania umelelewa na majira yasiyo yetu. Ili macho yake ya maua yafunguke, huhitaji majuma kadhaa ya baridi ya kweli kweli, kisha kiangazi kirefu cha kuivisha tunda. Nairobi, iliyo katika mwinuko wa karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na jirani ya Ikweta, haina baridi hiyo. Julai yetu hutuvalisha makoti, lakini kwa mzeituni wa Hispania ni kama utani. Matokeo yake ni kwamba mti hukua, majani hushamiri, kivuli hupatikana, ila tunda huwa adimu. Ama kukamua mafuta uani Kawangware baada ya miaka mitatu, hayo ni maneno ya sokoni.

Hata hivyo, lipo jambo kubwa zaidi ambalo muuzaji hakulisema, labda kwa kutolijua. Mzeituni si mgeni Nairobi. Wataalamu wa mimea huuhesabu mzeituni wa Mediterania na mzeituni unaoota wenyewe katika misitu ya nyanda zetu za juu kuwa spishi moja, Olea europaea. Tofauti yao ni ya tawi tu la ukoo, kama ndugu wa baba mmoja waliolelewa katika nyumba mbili. Wakikuyu huuita mutamaiyu. Wamaasai huuita oloirien. Ukoo wake umeenea kutoka Afrika Kusini, ukapita kwetu na Ethiopia, ukavuka hadi Bara Arabu na kufika Pakistan na Uchina. Utautambua kwa majani membamba yaliyo magumu, yenye rangi ya kijani kibichi juu na ya kahawia iliyofifia chini. Maua yake ni madogo meupe. Tunda lake ni dogo, huwa na rangi ya zambarau iliyokolea linapoiva, na nyama yake ni haba mno kukamuliwa mafuta. Ndege, lakini, huligombania.

Mti huu ulitumikia watu wa nchi hii kabla hajatokea wa kuwauzia chochote katika mkebe. Wamaasai husafisha vibuyu vya maziwa kwa makaa ya vijiti vyake, na maziwa yakapata harufu na ladha ambayo aliyeionja haisahau. Mbao zake ni nzito na ngumu, na nguzo zake huduma ardhini kwa miaka bila kuoza. Kuni zake huwaka polepole kwa joto kali, na makaa yake yana sifa. Sifa hizo ndizo zilizouponza. Mti uendao polepole katika kukua hukatwa upesi kuliko uotavyo, na anayeukata haoni haja ya kupanda mwingine kwa kuwa yeye hatauvuna.

Turudi Kibera. Wanafunzi wengi wanaoishi huko hawajaambiwa kwamba jina la mtaa wao ni msitu. Kibra, kwa Kinubi, ni mahali pa miti na vichaka. Askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la King's African Rifles walianza kukaa hapo mnamo 1904, na mwaka wa 1918 zaidi ya ekari 4,000 zikatangazwa rasmi kuwa eneo la kijeshi. Reli ilikuwa imekwisha kufika Nairobi, na mkaratusi wa Australia ukaletwa ili upandwe kwa wingi, uwe kuni za magari ya moshi. Jiji likakua, miti ya asili ikapungua, mabati yakaongezeka. Leo kilichosalia cha msitu huo ni Msitu wa Barabara ya Ngong, ambao nao umemegwa mara nyingi, hadi barabara ya Southern Bypass ikapita ndani yake. Humo mutamaiyu ungalipo. Mtoto wa Kibera anaweza kusimama mlangoni kwao na kuuona ukingo wa msitu ambao mzeituni umo, huku shuleni akichora mzeituni wa Yerusalemu kwa kunakili picha kitabuni. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini kosa hapa si la mtoto.

Hapa najua msomaji ataniuliza swali, na ni swali la haki. Bustani ya nyumbani ni ipi kwa mtu anayeishi katika chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, chenye kuta za mabati au udongo, na mlango unaofungukia mtaro? Mpangaji wa Kawangware hana ua. Ana kibaraza anachokishiriki na jirani kumi, na kamba ya kuanikia nguo inayogombaniwa kila Jumamosi. Aidha, akiwa na shubiri moja ya udongo, ataipanda sukumawiki, wala hakuna mwenye akili atakayemlaumu. Baada ya ghasia za 2007 na 2008, wakazi wengi wa Kibera walijifunza kupanda mboga katika magunia yaliyosimamishwa, na gunia moja likawa shamba la familia. Tumbo halingoji mti wa miaka kumi.

Nakubali. Sitaki mtu yeyote ang'oe sukumawiki apande mzeituni. Nataka tuone kwamba viwili hivi havigombanii nafasi moja. Mboga ni ya gunia na ya wiki hizi. Mti ni wa mahali pa pamoja na wa miaka ijayo: uwanja wa shule, ua wa msikiti, ua wa kanisa, kingo za mto ambazo hazijajengwa. Mahali kama hapo ndipo mti usiotaka kunyweshwa huonyesha thamani yake. Mitaani kwetu maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, na bei hupanda mfereji unapokauka. Jakaranda na maua ya kigeni hutaka huduma. Mutamaiyu, ukishashika mizizi, huvumilia kiangazi bila kumtia mtu gharama ya mtungi.

Na huyo mpangaji asiye na ua naye asivunjike moyo. Mzeituni ni katika miti michache inayokubali kuishi miaka mingi katika chombo. Kule Afrika Kusini wapo watu wanaoulea mutamaiyu katika vyungu vidogo, wakaupogoa ukabaki mfupi huku shina lake likizeeka kwa heshima. Mkebe wa rangi wa lita 20, uliosafishwa na kutobolewa chini, unatosha kwa miaka ya mwanzo. Mpangaji akihama, mti wake huhama naye, juu ya mkokoteni, pamoja na kitanda na jiko. Siku atakapopata mahali pa kudumu, au siku shule ya mwanawe itakapopata kiwanja, mti utakuwa tayari.

Sasa tumefika penye donda lenyewe. Ni kwa nini mpangaji hapandi mti? Wengi husema ni uvivu au ujinga. La hasha! Mpangaji hapandi mti kwa sababu anajua mti ni neno zito katika lugha ya ardhi. Katika jamii nyingi za nchi hii, aliyepanda mti wa kudumu amedai mahali. Mwenye ploti analijua hilo vilevile, na ndiyo maana humruhusu mpangaji kupanda vitunguu ndani ya beseni lakini hukunja uso akiona mche wenye shina. Kibera, wengi wa wakazi ni wapangaji wa vyumba vilivyojengwa juu ya ardhi ya serikali. Kawangware, ardhi kwa sehemu kubwa ina wenyewe, na mpangaji ni mpita njia hata akikaa miaka ishirini. Jamii ya Wanubi, iliyofika Kibera mnamo 1904, ilingoja hadi 2017 kukabidhiwa hati ya ekari 288. Zaidi ya miaka mia! Ni nani aliye na moyo wa kupanda mti uendao polepole wakati karatasi yenyewe huenda polepole kuliko mti?

Julai ya 2018 tuliona kwa macho yetu jambo hili lina uzito gani. Matingatinga yaliingia Kibera alfajiri kufungua njia ya barabara, na nyumba za maelfu ya watu zikabomolewa, pamoja na madarasa ambamo watoto walikuwa wamesoma wiki iliyotangulia. Barabara ni kitu chema, nami nimeipita. Lakini shule isiyo na hati ni shule iliyojengwa juu ya mchanga, na mti uliopandwa katika shule hiyo ni kuni zinazongoja shoka.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili, na sitaki yatenganishwe. La kwanza ni kwamba serikali ya kitaifa na ile ya kaunti ziharakishe kupima na kutoa hati za viwanja vya shule za umma katika mitaa hii. Shule zisizo za serikali, ambazo huwafunza watoto wengi wa mabanda, zipewe angalau ahadi ya maandishi ya kukaa kwa muda unaojulikana. La pili ni kwamba kila shule itakayopata karatasi hiyo ipande mti wa mahali petu mwaka huo huo, uwe kigingi hai cha mpaka. Karatasi bila mti ni ukavu. Mti bila karatasi ni ndoto.

Nasema hivi kwa kuwa nchi yetu imependa mno kuhesabu miche. Serikali ilitangaza lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka wa 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 ikafanywa sikukuu, watu wakashika majembe, wakuu wakapigwa picha. Sikejeli juhudi hizo. Lakini mwalimu yeyote anajua kwamba kumwandikisha mtoto darasa la kwanza si sawa na kumwona akihitimu. Tungejiuliza leo ni miche mingapi ya siku hiyo ingali hai, wengi wetu tungeinamisha vichwa. Marehemu Profesa Wangari Maathai, alipoanzisha kazi iliyokuja kuwa Green Belt Movement mwaka wa 1977, alianza na miti saba tu, na wanawake wa vijijini waliofuata nyayo zake walilipwa kijihela kwa kila mche uliosalimika. Walihesabu iliyopona. Hesabu hiyo ndiyo inayotupasa.

Walimu wenzangu, kama mtakubali rai hii, namna ya kuanza si ngumu. Mbegu zinaweza kupatikana katika kituo cha mbegu za miti cha taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, kule Muguga. Msiwatume watoto msituni kuvunja matawi. Aliye na mti karibu naye na aokote matunda yaliyoiva, ayasugue katika maji hadi nyama itoke, kisha mbegu zikaushwe kivulini. Ganda la mbegu ni gumu, hivyo ligongwe kidogo kwa jiwe lipate ufa bila kuiumiza kokwa, kisha mbegu zilowekwe kwa siku mbili. Zipandwe katika mchanganyiko wa udongo, mchanga na samadi iliyooza vyema, mahali penye kivuli chepesi. Halafu subirini. Baadhi zitaota baada ya majuma sita, nyingine zitakawia miezi, nyingine hazitaota kamwe. Darasa lililozoea majibu ya papo hapo litajifunza hapo somo lisiloandikwa ubaoni.

Mche ukifikia urefu wa futi moja, upelekwe shimoni mwanzoni mwa mvua za masika, mwezi Machi au Aprili, au za vuli mwezi Oktoba. Shimo liwe la futi mbili kwenda chini, na pasiwe mahali maji yanapotuama, kwa maana mzeituni huvumilia kiu lakini hauvumilii kusimama matopeni. Udongo mwekundu wa Kawangware unaufaa. Kiangazi cha kwanza unyweshwe mara moja au mbili kwa juma, na maji yaliyosuuza mboga yanatosha. Uzungushiwe miiba au wavu, maana mbuzi wa mitaani wanaupenda kuliko sisi. Wanafunzi wawili wawili wapewe mti mmoja, na majina yao yaandikwe katika daftari la shule, pamoja na urefu wa mti kila muhula. Wakiondoka, daftari lirithiwe na wengine.

Mti mmoja kama huo hufundisha masomo manne. Katika sayansi, watoto watauliza kwa nini jani lina rangi mbili na jinsi ugumu wake unavyozuia maji kupotea. Katika jiografia, watalinganisha mwinuko wetu na pwani za Mediterania, waone jinsi baridi inavyoamua nani azae na nani asizae. Katika historia, watafuata njia ya reli na ya askari wa 1904 hadi mlangoni kwao. Na katika Kiswahili, watajua kwamba neno zeituni tulilipata kwa Waarabu, likavaa ngeli yetu likawa mzeituni na mizeituni, ilhali mti wenyewe ulikuwa hapa ukiitwa mutamaiyu na oloirien. Jina lilisafiri, mwenye jina alikuwa nyumbani.

Wapo watakaosema tuuoanishe mti wetu na ule wa ng'ambo: shina liwe la mutamaiyu, tawi la kupandikizwa liwe la Hispania. Wazo hili si la kipuuzi. Pakistan imefanya hivyo kwa mizeituni yake ya mwitu, na mafuta yanapatikana. Lakini Pakistan ina majira ya baridi. Wenye elimu na waendelee kujaribu katika milima yetu iliyo juu zaidi na yenye baridi zaidi. Mtu wa Kongo asifanywe shamba la majaribio kwa pesa zake za unga.

Mwisho nakumbuka jambo moja. Mwanzoni mwa 2008, majirani wa Kibera waliokula pamoja kwa miaka waligeuziana mapanga, na hata reli ikang'olewa. Jani la mzeituni tunalolichora kuwa ishara ya amani huwa katika bendera na kadi za sikukuu. Fikirini shule ya Kibera ambamo mtoto wa Kinubi, wa Kiluo, wa Kikuyu, wa Kiluhya na wa Kikamba wamepewa mti mmoja kuutunza, na kila mmoja akalileta jina unaloitwa kwao. Sidai kwamba mti huondoa chuki. Nadai tu kwamba ni vigumu kumgeukia kwa panga mtu mliyeshika naye mkebe mmoja wa maji kwa miaka minane.

Nilikutana tena na mwalimu yule kijana. Mzeituni wake wa Hispania u hai, umewekwa dirishani darasani, nao umependeza. Nilimweleza haya yote. Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Mzee, huo mutamaiyu wenu utazaa lini?" Nikamjibu kwamba huenda wanafunzi wake wa sasa watakuwa wamekwisha kuondoka shuleni. Akatabasamu, akasema, "Basi ni kama kazi yetu." Mchumia juani hulia kivulini, lakini mwalimu mwema ni yule anayechumia juani ili wengine wale kivulini. Tuwape walimu hao ardhi yenye karatasi, kisha tuone kama hawatatuoteshea msitu.